Shimo la Sita

Jumatatu, 6 Septemba 1971

Mbuga ya chumvi, saa mbili kwa miguu kutoka Kintinku. Mtaalamu wa miamba, Damiani, ametoboa mashimo sita hadi kwenye chumvi ngumu, futi tisa chini. Kila shimo na baruti ya aina yake. Mashine yenye sindano huchora mtikisiko kwenye karatasi. Kwa mchoro huo anajua baruti ipi ina nguvu kiasi gani.

Wanawake wanaochimba na kupika chumvi wamezuiwa kuingia. Kila mmoja ana kipande chake, alama ni kijiti chenye kitambaa. Damiani naye ameweka vijiti vyake, kimoja kila shimo. Mama Marietha, mkubwa wao, alimcheka: sisi chumvi tunaionja kwa ulimi, baba, wewe unaionja kwa baruti!

Jumanne, 7 Septemba

Milipuko. Nilihesabu mitano.

Damiani akasema sita — miwili imelia pamoja. Nikaandika sita kwenye taarifa yangu ya redio. Dereva akaipeleka stesheni ya Kintinku itumwe kwa simu: majaribio yote sita yamefaulu.

Jioni akaniita kwenye mashine. Michoro mitano. Mahali pa mchoro wa sita, mstari mnyoofu kama wa rula. Shimo lenyewe liko mbali na mengine, peke yake. Baruti ikigoma kulipuka haiguswi siku nzima, na hata baadaye mtikisiko unaweza kuiamsha, ndiyo kanuni. Ameviringisha nyaya, ameacha kijiti. Kaniomba ninyamaze mpaka kesho.

Nimenyamaza. Miaka kumi na tisa ya kazi hii, sijawahi kusumbuliwa na sauti. Leo inanisumbua ambayo haikulia.

Jumatano, 8 Septemba

Tulikwenda stesheni, Damiani na mimi, kutuma simu ya kurekebisha. Tumerudi saa tisa.

Mbuga tupu! Hakuna kijiti hata kimoja.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Zefania, alisikia taarifa ya asubuhi redioni: yote sita yamefaulu. Maneno yangu, neno kwa neno. Akafungua mbuga. Na kwa kuwa chumvi sasa ni ya kijiji kizima, akaagiza alama za watu binafsi zing'olewe. Wakang'oa zote, za Damiani pia. Vijiti vimeishia kuwa kuni chini ya masufuria.

Kesho wanaanza kuchimba visima vya maji chumvi. Urefu wa mtu na nusu.

Damiani alikaa chini, kwenye vumbi. Ramani anayo — lakini shimo la sita alilipima kutoka kijiti cha Mama Marietha.

Alhamisi, 9 Septemba

Saa moja asubuhi nilimwamkia Mama Marietha nikamweleza yote, wenzake wakisikia. Majembe mabegani. Mama Marietha akateremsha jembe lake.

— Kumbe redio ni wewe.

Ndugu Zefania amezuia watu. Damiani alitaka kwenda mwenyewe. Mama Marietha akamwambia, baba, wewe hujui hata pa kuanzia. Kipande chake kile alikirithi kwa mama yake. Akavua viatu, akaingia peke yake. Naandika nimesimama.

Amepapasa ardhi kwa nyayo. Amesimama. Kijiti kilikuwa hapa, anasema.

Damiani anasoma ramani kwa sauti: mashariki, hatua kumi na mbili. Nimempigia kelele asimame hapohapo tumfikie. Ameshaanza kuhesabu.

Ya tano. Ya sita. Amegeuka.

— Hatua zako, baba, au zangu?

Damiani anaangalia karatasi. Yeye ni mrefu kuliko sisi sote. Mama Marietha amenyanyua mguu —