Shati la Elia

Shelui, Jumapili

Shikamoo dada yangu,

Lori limeharibika hapa, vumbi ni jingi, nami nakunywa uji wa uwele na karani wa ushirika anayekwenda Nzega. Nimemsimulia jinsi yule mwalimu Mmarekani alivyosema kaburini kwamba mwanangu Elia alikuwa smati. Ndiyo maana siku ya kugawa nguo za marehemu nilimnyima Yona wako lile shati jeupe.

Karani akacheka. "Ai, baba! Sisi tulifundishwa na Mwingereza, kwake smati ni mtu aliyepiga pasi. Mmarekani akisema hivyo, anasifu akili!"

Nikacheka naye, lakini uji ulinishinda.

Kumbe nimefungia shati tu sandukuni, dada. Kile alichosifiwa tulikizika, na udongo wa kwanza niliutupa mimi. Ufunguo uko chini ya mtungi. Mpe Yona alivae. Ukosi wake umechakaa upande mmoja, Elia alikuwa akiutafuna anaposoma. Usiushone.

Mungu awape mvua huko Kinampanda, nawe akutunze.

Mdogo wako,
Baba Elia