Kiti Nilichokataa Kukalia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limepunguza ukorofi. Baba naye hajambo? Mwambie namsalimu sana, na aache kupanda juu ya paa, kazi hiyo ina wenyewe. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakula, analala, anakoroma. Ningepiga simu kama kawaida, lakini habari niliyo nayo nikiisema kwenye simu tutalia wote wawili mpaka vocha iishe, kwa hiyo nimeona niandike.

Bado niko kwenye ile karakana ya viti vya kuogea wagonjwa na wazee. Viti vinasafirishwa vikiwa vipande ndani ya boksi, na mimi ndiye ninayeandika ile karatasi ya Kiingereza ya kumwonyesha mnunuzi namna ya kuviunga. Siku ile uliniuliza hiyo nayo ni kazi gani ya kumlipa mtu. Mama, ni kazi. Kwa Kiswahili sihangaiki, najua lini niseme unga, lini pachika, lini kaza. Kiingereza nacho kina ukoo wake mzima wa maneno ya namna hiyo, na yanafanana kama mapacha. “Join” naiweka kwa mabomba mawili ya fremu yanayokutana yakawa kitu kimoja. “Connect” ni ya mpira wa maji, maana kuna kitu kinapita kutoka huku kwenda kule. “Attach” ni kukitia kidogo kwenye kikubwa, kama kile kimfuko cha sabuni, ukitaka unakitoa. “Fasten” ndiyo ya kufunga kitu kikae, kisicheze. Nikichanganya, mzee wa watu anaanguka bafuni.

Bosi wetu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Koleo, kwa jinsi anavyotubana. Ana utaratibu wake. Karatasi mpya ikitoka, anamwita mtu ambaye hajawahi kukiona kiti, anampa boksi na karatasi. Mwandishi anakaa pembeni kimya, haruhusiwi hata kukohoa. Kiti kikishaungwa, mwandishi huyo huyo anakwenda kukikalia mbele ya wote, kwa uzito wake wote. Asiyekubali kukaa kazi yake anapewa mwingine. Mimi nimeshaanguka mara moja, kwenye kile kidogo cha kukunja. Nilijizoa sakafuni, nikacheka nao, nikaandika upya. Kwa Koleo kuanguka si kosa. Kosa ni kukataa.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kiti kikubwa chenye mgongo. Aliitwa dereva wa duka la jirani, mtu mpole, anasoma taratibu huku midomo ikicheza. Kwenye mguu wa nyuma nilikuwa nimeandika “attach”. Akasoma, akapitisha bolti kwenye tundu, akaizungusha kidogo kwa vidole, akahamia kwingine. Hakukosea hata kidogo, alifanya nilichomwambia. Nami nikaona palepale kwamba pale palitaka “fasten”, na spana, na maelezo kwamba akaze mpaka mguu usitikisike.

Koleo akaniambia haya, kakae. Nikamwambia sikai. Hata aliyekuwa akipiga msasa akaacha. Akaniuliza kama karatasi haifai. Nikamjibu haifai, mguu wa nyuma umelegea. Akasema kulegea si hoja, ningekaa nikaanguka kama siku ile, mambo yakaisha, sasa nimeingiwa na nini? Nikamwambia, mbele ya mafundi na dereva wa watu, kwamba siwezi kuanguka kwa sababu nina mimba.

Ndiyo, mama. Nisamehe, wewe ndiye uliyestahili kujua kwanza. Hata mkwe wako nilikuwa sijamwambia. Nilimwambia jioni ile, akakaa kitandani akashindwa kuvua viatu.

Kazi ninayo bado. Koleo alikitikisa kiti kwa mkono mmoja, mguu ukachomoka ukabingirika mpaka mlangoni. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema nikaandike upya, na kwamba mpaka nitakapojifungua atakuwa anakaa yeye. Leo asubuhi amekaa. Kiti kimetulia, na yule mama si mwepesi.

Nilinyamaza kwa makusudi. Mara mbili zile nilikimbilia kukupa furaha, kisha nikakupigia tena kukuambia mimba imeharibika, na mara ya pili uliniambia pole mwanangu kwa sauti ambayo sijaweza kuisahau. Sikutaka kukurudisha huko. Nikajiapiza kwamba safari hii nikivuka pale tulipoishia ndipo niseme. Nimevuka, mama. Daktari anasema mapigo ya moyo ni mazuri.

Naogopa. Kila asubuhi nafurahi, kisha naogopa. Nataka uje ukae nami, hata kama hutashika ufagio. Baba mwambie wewe, mimi nimeshalisema mara nyingi kuliko nilivyopanga. Majirani waache kwanza. Wasalimie dada na watoto wake. Na ukinipigia, usiniulize kitu chochote kabla hujaniambia hongera. Sijawahi kuisikia kwako bila woga, jaribu.

Ni mimi,
Kitindamimba wako