Picha Niliyoutupia Ukoo

Mdogo wangu Nakunda,

Hujambo huko Bombo? Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, nabeba magunia ya korosho ghalani hapa Mtwara kama kawaida. Moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu baba mkubwa amekunyang'anya simu, na aliyesababisha ni mimi.

Ile picha inayokuonyesha umekaa baa, chupa mkononi, katikati ya walevi, nilitumiwa na namba nisiyoijua. Nikapandwa na hasira. Kwetu jambo la mtoto haliamuliwi na mtu mmoja, hupelekwa kwa ukoo, basi nikaitupia kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno haya: "Wazee wangu, shikamooni. Naomba tulitazame hili." Nilijiona kijana mwenye adabu kweli! Kumbe kikao cha kwenye simu hakina mlango. Kabla sijamaliza zamu picha ilishafika kwa wanakwaya, ikafika na shuleni kwenu.

Jana ndipo nilipoitazama vizuri. Mkono wako wa kushoto una kovu la kuunguzwa na chungu cha makande. Wa kwenye picha hauna hata alama. Uso wameukata kwenye ile picha ya mahafali ya kidato cha nne uliyoiweka mtandaoni, wakaubandika kwa mtu mwingine. Nimekubeba mgongoni, Nakunda, halafu nikashindwa kutazama mkono. Nimeifuta, lakini nimefuta kwangu tu.

Mama aliazima simu ya jirani akanipigia, analia. Kumbe Jumamosi ukoo unakuita, na baba mkubwa keshasema, "Huyu shule basi, arudi kulima tangawizi." Kidato cha tatu! Kwetu hakuna mwingine aliyefika huko. Nimempigia baba mkubwa, hapokei.

Kwa hiyo usiende kujitetea. Mpe barua hii aisome mbele ya wote, kwa sauti. Mtoto hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na kama ni mbuzi wa faini, atoke kwangu. Walioitengeneza watafutwe shuleni kwa utaratibu wa shule, wasitajwe kwa kubahatisha, tusije tukamfanyia mtoto wa mwingine hayohayo.

Msalimie Mama, shikamoo yake. Shangazi wa Lembeni naye, mwambie nashukuru kwa kukaa na wewe siku zile ulipokataa kula.

Na hili baba mkubwa asiliruke. Juzi mwenzangu wa ghalani alinionyesha picha hiyohiyo, anacheka: "Oya, huyu denti si wa huko kwenu Upareni? Unamjua?" Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikacheka nao. Nikasema simjui.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja,
Mbazi