Kaka Paskali, Wimbo Ule Haukusema Hivyo

Kaka yangu Paskali,

Barua hii sijaifunga kwa gundi, na nimefanya hivyo makusudi. Nimeandika nakala nne kwa mkono na nitawapa madereva wa magari ya watalii wanaopita hapa Karatu kwenda Nairobi. Nitawaambia waisome kwanza wenyewe, kisha wamuulizie mpiga gitaa mmoja Mtanzania, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele. Anwani yako sina. Na aibu iliyomo humu acha waisome tu, maana ni yangu.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Meneja wa ile hoteli ya juu, ukingoni mwa kreta, ulikokuwa dobi, alipofungasha kurudi kwao alikuachia gramafoni ya betri na sanduku la santuri kumi na moja. Uliliteremsha kwa lori lililokuwa limepeleka viazi hotelini, umelipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Vumbi la barabara ile lilikuwa limekubadilisha rangi, lakini sandukuni hukuruhusu hata punje iingie. Majina ya wale waimbaji hatukuweza kuyatamka, basi kila albamu tukaibatiza kwa picha ya jalada lake. Kulikuwa na ya Mablanketi, vijana watano wamejifunika blanketi juu ya lori. Kulikuwa na ya Kinanda, na ya Dada Mkali, na ile uliyoipenda kuliko zote, ya Mwavuli, yenye mtu aliyesimama na mwavuli katikati ya shamba kavu.

Baba alipozisikia mara ya kwanza hakukataza. Alisema tu kwamba nyumbani kwake sauti ngeni haipiti bila kujadiliwa. Akaweka utaratibu uleule wa kikao cha wazee wanapoamua mpaka wa shamba: upande wa santuri ukiisha, sindano inainuliwa, kila mtu anatoa maoni yake, mkubwa kwanza na mdogo mwisho, na hakuna ruhusa ya kuondoka bila kusema neno. Majirani waliokuja kupoteza muda wakitoka kanisani walijikuta wamekalishwa kama mashahidi.

Mama siku ya kwanza ya Kinanda aliinuka kabisa akidhani misa imeanza tena. Gitaa lilipoingia akakaa chini taratibu. "Huyu wa kinanda ana malezi," alisema. "Amekosea marafiki tu." Tangu siku hiyo msimamo wake haukubadilika. Albamu isiyo na kinanda kwake ilikuwa ni kelele za vijana wasiofuga wala kulima.

Baba yeye aliwaonea huruma wale wa Mablanketi. Unajua wazee wetu wanapoomba dua kikaoni, mmoja anatamka na wote waliokaa wanaitikia kila mstari. Sasa baba akawasikiliza wale vijana mpaka mwisho wa upande, akasema, "Wanapiga makelele hivi kwa sababu hakuna anayewaitikia." Jumapili iliyofuata akaanza kuwaitikia mwenyewe, kwa Kiiraqw, kila waliposhusha pumzi. Wewe ulicheka mpaka ukatoka nje, lakini nakuambia ukweli, ilipendeza.

Naye Koinet, rafiki yako Mmaasai kutoka Arash, kila alipoleta ng'ombe mnadani alilala kwetu ili asikose kikao. Yeye alikuwa na kesi na mpiga ngoma wa albamu ya Dada Mkali. "Ero, kijana, hii ya gitaa iko sawa," alisema, "lakini hii ya ngoma iko na woga. Inafikiri ikinyamaza kidogo tu, watu itamwacha." Ukambishia jioni nzima. Wewe ulikuwa hivyo, hukukubali mtu aseme vibaya juu ya mpiga ngoma usiyemjua, wa nchi usiyoijua. Ulisema upande wa kwanza yule dada anawaimbia watu, na upande wa pili anajiimbia peke yake, na ngoma yake inajua tofauti hiyo. Mpaka leo sijasikia mtu akizungumzia muziki vizuri namna ile.

Mimi nilikuwa wa mwisho kusema kwa sababu ya umri, lakini nilikuwa na kazi ambayo wengine hawakuwa nayo. Nilikuwa kidato cha pili, nyumbani kwa likizo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeeleza maneno yanasema nini. Kaka, Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Na wale waimbaji walikuwa wanameza maneno utadhani yana sukari. Nilishika neno moja hapa na moja pale, palipobaki nikajaza mwenyewe. Nilisema huyu anamlilia mkewe, yule anaiogopa vita. Wote walikuwa wananisikiliza, na baba alikuwa anatikisa kichwa polepole kukubali, jinsi anavyofanya kwa watu wazima. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikipenda kile kichwa cha baba kuliko nilivyoupenda ukweli.

Kisha mpaka wa kwenda Nairobi ukafungwa. Wageni waliokuwa wakitokea Nairobi wakakatika, hoteli ikapunguza watu, ukarudi nyumbani na sare yako moja na pasi ya mkaa waliyokupa ya kukuagia. Baba akataka ushike shamba la Buger. Wewe ulitaka Nairobi, kwenye studio za kurekodi, maana gitaa ulikuwa umeshajifunza kwa kuufuata wimbo wa tatu, upande wa pili, wa Mwavuli, mpaka ukawa unaupiga bila kukosea. Miezi miwili mlivutana. "Serikali imefunga mpaka," baba alikuwa anasema, "wewe ni nani wa kuufungua kwa miguu?" Mama akakonda kwa mabishano yenu.

Ile Jumapili, nikiwa likizoni tena, mawe ya gramafoni, yaani betri zake, yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi na bado yalikuwa dhaifu. Uliomba wimbo ule mmoja tu upigwe. Ukaisha, ukainua sindano, na baba, ambaye hajawahi kuvunja utaratibu wake, akauvunja. "Leo aanze msomi. Huyu mtu anasema nini?"

Ulinitazama, Paskali. Hukukonyeza, hukuniomba kitu. Ulinitazama tu.

Nilikuwa nimeshika maneno mawili, barabara na nyumbani. Nikasema, "Anasema, baba, kijana akiitwa na barabara asizuiwe. Aende. Atarudi mwenyewe kabla baba yake hajazeeka." Maneno yalitoka yamenyooka mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Koinet akasema, "Ero, hiyo ni neno ya mzee." Baba akasema, "Kumbe hata kwao wanalijua hili." Akapanga kukuombea safari Ijumaa, uondoke Jumamosi na Koinet, aliyejua njia za ng'ombe za kuvukia mpaka.

Sasa sikiliza nisichowahi kukuambia. Jumatano nilikuwa nafuta majalada kwa kitambaa. Ndani ya lile la Mwavuli kulikuwa na karatasi iliyonasa kwa unyevu, nikaibandua. Maneno ya nyimbo zote yalikuwa yamechapwa humo. Nikachukua kamusi ya shule nikajificha nyuma ya zizi. Wimbo wako wote ni wa gari, kaka. Gari jekundu. Kijana analisifia gari lake, msichana hataki kupanda, anarudi nyumbani kwa miguu barabarani. Basi, ndiyo habari yenyewe. Hakuna baba humo, na hakuna anayeahidi kurudi popote.

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Ile karatasi niliichoma jikoni siku ileile, mama akiwa kisimani.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini, na majibu yote ni mabaya. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya kikao, hilo la kwanza. La pili nalisema kwa shida: nilitaka uende. Nilitaka kuwa mdogo wake mtu anayesikika redioni, wasichana wa bwenini waniulize kama kweli ni kaka yangu. Usalama wako njiani sikuuwaza hata kidogo.

Jumamosi asubuhi mlipoanza kupanda kuelekea Ngorongoro, gitaa limefungwa kwa kanga ya mama, ulinishika bega ukasema, "Msomi, umeniokoa." Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Barua yako moja iliyotufikia, ile uliyompa Koinet huko Narok, niliwasomea wazazi mimi. "Mwambie baba sijausahau ule mstari." Ilibidi nisome hadi mwisho bila sauti kubadilika. Koinet alisema alikuacha umedandia lori la ngano, unapunga mkono. Tangu hapo hakuna habari. Tukasema ni kwa sababu ya mpaka. Mpaka ukafunguliwa, magari ya watalii yakaanza kupita tena mlangoni kwetu, na wewe hukushuka kwenye lolote. Sasa hatuna cha kusingizia.

Mimi ni mwalimu siku hizi. Nafundisha Kiingereza, unaweza kucheka. Gramafoni ilikufa kwa kukosa mawe, lakini maneno yangu hayakufa. Baba anayasema kwenye harusi. Anawaambia majirani ambao watoto wao wameenda Dar bila kuaga, na wao wanafarijika, wanayapeleka kwa wengine. Nimeyasikia yakirudi kwangu sokoni kutoka kwa mtu nisiyemjua.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani, kama si macho ya baba. Yameingia ukungu, na magoti yamechoka. Lakini fimbo hataki kuishika. Tulimchongea, akaitupa. Anakwenda Buger kwa miguu, analima, anabeba, na ukimwambia apumzike anakasirika: "Mimi sijazeeka." Nilidhani ni ubishi wa wazee tu. Mama ndiye aliyeniambia. Wimbo ulisema utarudi kabla hajazeeka, kwa hiyo siku akikubali fimbo, amekubali kwamba hutarudi tena. Mwezi uliopita alianguka kwenye mtaro wa maharage. Walimkuta jirani zetu, mkono umevunjika, anawaomba wasimwambie mtu.

Basi Jumapili hii nilikwenda kukaa naye. Aliniuliza bila kunigeukia, "Msomi, ule wimbo. Haukusema ni lini?"

"Wimbo haukusema kitu, baba," nikamjibu. "Ulikuwa wa gari." Nikamweleza yote, karatasi, jiko, siku zile mbili. Nililia hadi mwisho.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa na mkono wake uliofungwa, akauliza, "Kwa hiyo nani alisema atarudi?"

"Mimi."

"Na nani alisema aende?"

"Mimi, baba."

Kisha akasema, "Basi mwandikie. Ulimtuma wewe, mrudishe wewe." Na akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hajanena nami tena, na fimbo bado hajaishika.

Hivyo naandika, kaka. Kama uliondoka kwa sababu ya mstari ule na huko mambo yamekuwia magumu, na unaona haya kurudi mikono mitupu kwa kuwa wimbo ulikuahidi zaidi, jua kwamba hukushindwa na wimbo. Ulidanganywa na mdogo wako. Rudi unichape, rudi usiniongeleshe kamwe kama baba, yote nayakubali. Na kama ungeondoka hata bila maneno yangu, hilo pia rudi uliseme wewe, maana mimi hapa siaminiki tena.

Safari hii sina mzungu wa kumsingizia wala karatasi ya kuficha. Ni mimi ninayesema, kwa Kiswahili, na kila dereva ashuhudie: njoo nyumbani, baba amezeeka.

Aliyekutuma bila haki,
mdogo wako.