Wamelala Wamebanana na Jua Linawaka

Baba, shikamoo. Hutaitikia, najua, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu.

Joto limerudi Kigoma. Hata upepo wa ziwani haufiki tena huku mlimani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kipupwe nguruwe hulala wamebanana, huyu kamlalia yule, miguu wameikunja chini ya tumbo. Joto likija kila mmoja anatafuta pake, anajinyoosha kwa ubavu kwenye sakafu yenye maji, hataki kuguswa. "Nguruwe hana jasho, Seku," ulikuwa ukisema. "Ukiona kalala kinyume na majira, kuna neno."

Basi kuna neno, Baba. Tangu juzi wamerundikana wote kwenye kona moja, na jua hili la kupasua kichwa. Wanatetemeka. Kaka Filbati eti kaona wana baridi, kawatandikia nyasi na kuziba banda kwa turubai! Nilitamani nimzabe kibao. Nilimshika sikio yule jike wako mkubwa, likaniunguza. Ncha yake imeanza kuwa zambarau.

Hii ni homa ya nguruwe, isiyo na dawa, na najua imeingilia wapi; inaniuma kukwambia. Siku ya kuondoa matanga yako, baba mdogo alileta kwa boti nguruwe wa kuchinja, kutoka kwa watu tusiowajua, maana hakuna aliyetaka kugusa wako. Tulipokwisha kula, shangazi akasema wale wa bandani nao wamefiwa, nao waonje. Wakamwagiwa mifupa na maji tuliyooshea nyama. Tulilia, Baba. Tuliona tumekuheshimu.

Sasa Filbati anataka wauzwe leo, kabla hawajaanza kufa. Kamwita mchinjaji wa mjini. Na bonde lote hapa chini watu wanafuga. Mama Yusta, jirani aliyekufumba macho, nguruwe wake amezaa majuzi tu. Ukitoka mmoja hapa, wa wote wamekwisha.

Nimefunga banda kwa kufuli. Bwana mifugo nimempigia, na najua atakachosema: wauawe wote, wazikwe. Mama amekaa kizingitini, kanipa mgongo.

Pikipiki ya mchinjaji inapanda mlima, naisikia. Filbati ameshika nyundo.

Pumzika, Baba yangu. Hatoki hata mmoja hapa, hata ikibidi hiyo nyundo ianzie kwangu.

Mwanao, Sekunda