Filimbi ya Foni Yako

Kamembe, siku ya ine

Yaya Mulume, mukubwa wangu,

Batoto bako bazima. Mvua imelaza maharagi yetu ya Mururu. Ile foni ya zamani ya Papa, redio yake ya kuongelea, imepona: nilibadilisha lampe mbili za ndani, sasa inashika mpaka Bukavu kwako.

Niliacha kuandika hapo, juu nilisikia foni yako, ile uliacha nyumbani, ikiita. Niliijua kwa filimbi inayolia mbele ya sauti, ile nilishindwa kuitoa wakati niliitengeneza. Sauti ilikwaruza, nikazani ni Bashige, jirani uliyemwachia funguo za nyumba. Akauliza unalala wapi siku hizi. Nikamwambia: kwa Maman Micheline, nyuma ya kanisa.

Akasema, "Asante. Salimia watoto."

Watoto, Yaya. Bashige ni muntu wa Kadutu, pale Bukavu, anasema batoto kama sisi; tangu lini anasema watoto? Ile ni Kiswahili ya wale wanaokutafuta.

Nikaita tena. Filimbi ikalia, kisha akaifunga.

Simu yako haipiti. Maman Véronique, yule anayeuza nyanya, atakuletea barua hii ndani ya kitunga chake. Usinijibu. Toka kwa Micheline sasa hivi.

Maman Véronique atavuka kuja Bukavu kesho tu.

Mudogo wako, mwenye kusema pahali unalala,
Emerance