Kadi Moja Yenye Nyota

Nchelenge, 9 Juni 1975

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa huko Kilwa, ng'ambo ya ziwa, pamoja na Berthe anayekusomea barua hii. Mguu unaendeleaje? Baridi hii usiende ziwani alfajiri, ingawa najua husikii la mtu. Sisi huku tu wazima, ila mimi sijalala vizuri siku tatu, na sababu yake ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Tangu tumzike ndugu yangu Sébastien, mtumbwi wake uko kwa mkewe, Dorica. Mimi nilisema ni wangu, kwani tuliuchonga pamoja. Dorica alikataa, nami nikampeleka mahakamani bila kukuambia. Kesi ilipangwa Alhamisi hii.

Nikaenda kwa Lackson, karani wa mahakama, anitafutie hukumu ya zamani ya kunisaidia. Mama, nimeona ajabu! Hukumu zote tangu enzi za Waingereza ameziandika kwenye kadi, zaidi ya mia saba, na ukingoni mwa kila kadi kuna matundu. Kila tundu ni neno: mjane, wavu, mpaka, mahari. Kesi ikihusu neno hilo, tundu lake limekatwa likawa wazi. Lackson anapitisha sindano ya kufumia sweta katika tundu moja la rundo zima, anainua, anatikisa, na kadi zenye neno hilo zinaanguka zenyewe. Tundu la mtumbwi linashika pia bwato na pirogi, majina mengine ya chombo hicho hicho, maana makarani wa zamani kila mmoja aliandika alivyozoea. Nyota nyekundu inaonyesha kwamba hukumu ilikatiwa rufaa ikabaki vilevile.

Nilimwomba atafute maneno haya tu: ndugu hurithi mtumbwi. Alicheka.

“Usiulize kile unapenda kusikia,” aliniambia. “Uliza mambo yenye ilitokea.”

Akaanza na mtumbwi, zikaanguka kama sitini. Katika hizo akatafuta mjane, zikawa tisa. Akatafuta ndugu wa marehemu, ikaanguka moja, yenye nyota. Mwili ulinisisimka kama siku ile ya kipaimara. Katika mia saba, moja tu, na chai ya Lackson ilikuwa bado haijapoa. Hakimu akamwita, nikabaki naisoma peke yangu.

Mwaka 1951. Mdai, Mukuka. Mdaiwa, Emilienne, mjane wa Kafula. Mtumbwi ubaki kwa mjane, alee watoto wake.

Mama, nililisoma jina lako mara nne.

Nakiri kwako: niliitia kadi ile mfukoni ili hakimu asiione. Nilifika nayo mpaka barabarani. Hapo nikawaza samaki wote tuliokula mimi na Sébastien walivuliwa kwa mtumbwi gani, na aibu ikanishika. Nikarudi, nikaiweka mahali pake, nikaifuta kesi. Dorica nimemwomba msamaha. Bado hajanisamehe, na ana haki.

Lakini kuna jambo halinitoki. Baba mdogo Mukuka ndiye aliyenifundisha kufuma wavu. Tulipokuwa bado tunaishi sote huku, kila Jumapili alikula kwetu, na kichwa cha samaki ulimwekea yeye. Alipokufa nililia kuliko watoto wake. Miaka ishirini na minne, Mama, na hukutuambia neno, ukatuacha tumpende.

Berthe akimaliza kusoma, mwambie asiende kumsimulia jirani. Bwana akulinde, akupe na usingizi mwema.

Ni mimi mwanao,
Fabien Kafula